Bokali ya tatu na maharagi ya Mama Rachel

Wadogo zangu mliomaliza agronomie mwaka huu, mnaozunguka Bunia na diploma ndani ya sachet ya plastiki ili mvua isiiguse, nawaandikia kama mstaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Najua mtacheka. Mama yangu pia alicheka, kisha akaniuliza kama nimekula. Lakini kazi niliyoifanya kwa miaka miwili imekwisha, hakuna anayefikiria kunirudisha, kila nikiona kabati lenye kufuli nasimama kusikiliza, na wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta njiani wananiita Muzee. Kama huko si kustaafu, sijui kustaafu ni nini.

Nilikuwa encadreur, yaani msimamizi, wa majaribio ya mimea katika shule za sekondari. Mradi mmoja ulitaka watoto wa Bunia wafanye sayansi kwa mikono yao badala ya kuikariri ubaoni, na mimi ndiye niliyetumwa kuwaonyesha namna. Nilipewa kofia, kizibao chenye mifuko minane, na protocole nene, kitabu cha maagizo ya kila jaribio, ambayo ukurasa wake wa mwisho ulikuwa mweupe. Mkumbuke huo ukurasa mweupe. Nilipoupokea niliamka mara tatu usiku nikijiuliza kama wamesahau kuuchapa au kama ni mtihani.

Nina mengi ya kuwaeleza, na mengine yatawasaidia. Ila yote yanarudi kwenye jambo moja: jinsi nilivyochukua mbegu za mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Djugu, mbegu ambazo hakuwa na nyingine, nikazitilia wadudu hai mbele ya binti yake, nikaita kitendo hicho somo. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kuuliza yale maharagi ni ya nani.

Nianze na Papa Zakayo, maana bila yeye nisingejua hata haya machache. Alikuwa mlinzi wa shule niliyopangiwa. Ujanani alifanya kazi kwenye kituo cha mbegu, akihesabu na kufunga, na kituo kilipokufa akaja kulinda lango. Siku ya kwanza alinikuta nikiandika lebo za vyungu kwa kalamu nzuri niliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo.

"Ingé," akasema, kwa sababu hapa kwetu kila aliyesoma kilimo anaitwa Ingénieur hata kama hajawahi kushika jembe, "hiyo kalamu ni ya kuandikia fiancée barua. Hapa kuna maji na jua. Tumika na crayon."

Nikampa hoja. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kuhusu wino usiofutika. Baada ya mvua mbili vyungu vyangu vyote vilikuwa na lebo safi, nyeupe kabisa, na sikuweza kujua kipi ni kipi. Papa Zakayo hakucheka. Alinipa kipande cha crayon, yaani penseli, alichokuwa amekiweka nyuma ya sikio.

"Na uandike mbili," akasema. "Moja inje, moja ndani. Ya inje ni ya wageni. Ya ndani ni ya weye."

Alinifundisha pia kusikiliza maharagi. Mkitaka kujua kama mbegu zilizofungwa zina fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa punje matundu ya mviringo, msizimwage mezani. Wekeni sikio kwenye chombo, mahali pasipo kelele, na mshikilie pumzi. "Wanakulaga na sauti," alisema. Ni kweli. Ni mchakacho mdogo, kama mtu anayetembea mbali juu ya majani makavu akijaribu asisikike. Chuo kikuu hakuna aliyenifundisha hilo. Walinifundisha jina la Kilatini.

Mwaka wa kwanza tulijaribu mihogo. Mistari miwili nyuma ya shule: mmoja wa vipande vilivyochaguliwa kwenye miti yenye afya, mwingine wa vipande vilivyookotwa hovyo, vyenye ule ugonjwa wa kukunja majani. Mstari wa pili ndio témoin, yaani ule unaouacha bila msaada wowote ili uweze kulinganisha. Bila témoin huna jaribio, una bustani tu. Niliwaimbia watoto maneno hayo mpaka wakawa wananiigiza.

Mihogo ya témoin ilikonda vizuri sana. Nilikuwa na furaha. Kisha ikatangazwa kwamba inspecteur anakuja, na mnajua mgeni akitangazwa shule zetu zinavyofanya: Jumamosi ni salongo, kila mtu na jembe lake, nyasi zinakatwa, mawe yanapakwa chokaa, na kila kitu kinachotia aibu kinaondolewa. Jumatatu nilikuta mstari wa afya umesimama peke yake, umepaliliwa, umezungukwa na mawe meupe. Mstari wa pili ulikuwa umeng'olewa na kuchomwa.

"Ilikuwa inaharibu sura ya shule," préfet, mkuu wa shule, aliniambia. "Nilikusaidia."

Nilipanda upya, nikaweka kibao: USIGUSE. HII INATAKIWA KUWA MBAYA. Nilikiandika kwa crayon. Préfet alikiona kesho yake. Akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba kibao kiko chini kabisa ya ukuta wenye jina la shule, na mtu akisimama barabarani anasoma nini. Nikaenda kusimama barabarani. Nikasoma. Nikakitoa.

Kwa hiyo mwaka wa pili nilichagua jaribio linaloingia ndani ya kabati, lenye kufuli, mbali na salongo. Hapo ndipo nilijiona nimekomaa.

Jaribio lilikuwa la kuhifadhi mbegu za maharagi kati ya mavuno na kupanda. Bokali tatu, zile chupa pana za mayoneze zenye mfuniko. Ya kwanza mbegu na jivu. Ya pili mbegu na majani makavu ya mkaratusi. Ya tatu mbegu peke yake, témoin. Katika kila bokali fukusi kumi walio hai, wiki kumi za kungoja, kisha tunafungua na kuona nani ameliwa. Niliandika ubaoni: KILA MWANAFUNZI ALETE MAHARAGI.

Waliyoleta wengi yalikuwa ya sokoni, mchanganyiko wa mekundu, meupe na yenye madoa, ya kale na ya jana. Nikayakataa yote, nikieleza kwa nusu saa kwa nini. Ndipo Rachel akaja mbele. Alikuwa msichana mkimya wa mwaka wa tano, aliyekaa karibu na dirisha na kuandika hata vikohozi vyangu. Alifungua kikwembe, kipande cha kitenge, kilichofungwa mafundo mawili. Ndani kulikuwa na maharagi ya njano, ya aina moja, ya umri mmoja, yamechambuliwa punje kwa punje.

Niliyashika mkononi nikayainua darasa zima liyaone. Nikasema ni homogène, hayana mchanganyiko. Nikasema kila mtu atazame kazi ya mtu anayejua sayansi ni nini. Rachel aliangalia chini. Nilidhani ni haya.

Nilitumia siku nzima kuchagua fukusi, maana nilikuwa na wasiwasi kwamba bokali moja ingepata majike wengi. Nilikuwa na kioo cha kukuzia na mashaka makubwa. Nilipokuwa nawaingiza kwenye bokali ya tatu, Rachel alikuwa amesimama karibu yangu akinishikia mfuniko.

"Ingé, na hii pia unatia?"

"Hii hasa," nikamwambia. "Hii ndiyo muhimu. Tunaiacha iliwe."

Alinipa mfuniko. Kwa kuwa maharagi yalikuwa yake, darasa lilimchagua awe mwenye ufunguo wa kabati. Nililiona jambo hilo kuwa zuri, na nikaandika katika rapport yangu kwa mradi neno "umilikishwaji".

Wiki zile nilifanya kazi kuliko wakati wowote maishani. Nilijiuliza kama upande wa kushoto wa kabati hauna joto zaidi, nikawa nazungusha bokali kila siku. Nilijiuliza kama kuzizungusha kunawasumbua fukusi, nikaacha. Nilijiuliza kama kuacha ghafla si kosa jipya. Nilikwenda shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku, nikaangalia kwa macho tu bila kugusa mfuniko, kama protocole ilivyotaka. Jumamosi sikwenda. Kila Jumamosi ilikuwa salongo, na baada ya mambo ya mihogo sikuweza tena kutazama watu wenye majembe.

Jumatano ya wiki ya kumi, siku mbili kabla ya wageni wa mradi kufika kuona matokeo, nilimwomba Rachel afungue kabati nisikilize. Bokali ya jivu: kimya. Vizuri. Bokali ya majani: kimya. Ajabu kidogo, lakini vizuri. Bokali ya tatu: kimya.

Nikabadilisha sikio. Kimya. Nikamwita Papa Zakayo. Akaiweka sikioni muda mrefu, akaitikisa kidogo, akaitazama kwenye mwanga.

"Hapa hakuna mutu," akasema. Kisha akamtazama Rachel, Rachel akatazama kufuli, na mzee akarudi langoni. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naanza kuhesabu kichwani sababu zinazoweza kufanya fukusi thelathini wafe bila kuacha ujumbe.

Hapa ndipo nilifanya kosa ambalo vijana wenye wasiwasi hulifanya kwa haraka kuliko wengine. Nilikwenda kumwambia mkubwa kabla sijamwuliza mdogo.

Préfet alinisikiliza akiwa ameshika shingo.

"Ingénieur. Mugeni anapanda ndege Goma, anakuja mpaka hapa, kuona bokali tatu zenye iko sawasawa?"

"Ndiyo matokeo, Bwana Préfet. Hakuna tofauti."

"Hakuna tofauti ni kitu gani? Hata akibaki kwake Goma, anaweza kuona hakuna tofauti. Bila ndege." Akavuta kiti karibu. "Enda soko. Tafuta maragi yenye imekuliwa. Ile ya tatu, imwange, tia hiyo. Si uongo. Wewe mwenyewe ulisema ile ya tatu inatakiwa kuwa mubaya. Uliandika hata kibao."

Jambo baya zaidi la kufikiri sana ni kwamba ukitafuta sababu za kukubali ujinga unazipata, nyingi, na zimepangwa vizuri. Kesho yake asubuhi nilikuwa sokoni.

Naomba mnisadiki: hakuna kazi ngumu katika mji huu kama kununua maharagi yenye wadudu. Wako nayo. Sote tumeyala. Lakini jaribu kuyaomba.

"Mama, niko natafuta maragi yenye vidudu," nilimwambia wa kwanza.

Mama yule alikuwa akipima kwa kikombe. Kikombe kikabaki juu.

"Yenye nini?"

"Vidudu. Mingi, kama inawezekana."

"Papa, weye uliamuka muzuri leo?" Akageukia jirani. "Sikia huyu. Anasema mi niko nauzisha vidudu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Kwangu hapa hakuna kidudu hata moja. Uende kwa ule pale, mwenye kitambala ya jaune. Yeye njo anajua mambo ya vidudu."

Mwenye kitambaa cha njano alikuwa amesikia. Alinipokea kwa kuniambia kwamba kizibao changu anakijua, kwamba mimi ni wa service ya hygiène, wale wakaguzi wa usafi, kwamba safari iliyopita tulimwagia mtu bidhaa. Nikaapa kwamba mimi ni mtu wa shule. Akauliza shule gani inafundisha watoto kula wadudu. Nikaanza kueleza témoin. Watu walikusanyika. Muuza samaki mmoja, mwenye ndoo ya samaki wakavu wa Tchomia, aliniuliza kama na samaki pia nawataka wameoza, maana anaweza kunitafutia kwa adui yake. Eleza bokali tatu katikati ya soko la Bunia, wadogo zangu, ndipo mtajua kama mmeielewa sayansi.

Bibi mmoja mwishoni mwa safu ndiye aliyenihurumia. Hakuuliza kitu. Alitoa kigunia chini ya meza, akanijazia kisachet.

"Ni ya kuku," akasema. "Mutoto yangu, kama kwako munakula hii, sema tu, nitakupatia ingine."

Nilikipokea kwa heshima. Njiani nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba fukusi watakosa hewa na kufika wamekufa, na wageni watasema ni wa zamani. Nikatoboa kisachet kwa ncha ya crayon. Matundu mengi madogo, yamepangwa sawasawa.

Ijumaa nilifika mapema, nimevaa koti na kravati. Rachel alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele na bokali ya tatu juu ya mapaja. Akaona kisachet mkononi mwangu.

"Ingé, hiyo ni nini?"

"Maragi."

"Ya nani?"

Neno hilo moja. Nilikuwa na wiki kumi za kuliuliza, na sikuwahi.

Nikakaa. Nikamweleza alichoniambia préfet, na nikijisikia ninavyoeleza nilitamani kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia polepole, akiwa anaangalia mfuniko, kwamba yale maharagi ni mbegu ya mama yake. Walipokimbia kijiji, mama yake alichukua mtoto mgongoni na kikwembe kile mkononi. Pale site, kambi ya waliokimbia wanakoishi, siku za njaa, watu walimwambia ayapike, na hakuyapika. Sasa mama mmoja wa kanisa amewapa nafasi ya kulima pembeni ya mji, mvua iko karibu, na kila jioni mama yake anamwuliza jaribio litakwisha lini.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Iliandikwa kwa tableau, kila mutu alete. Kwa siye hakukuwa ingine." Akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole. "Kiisha ulisema ni muzuri. Mbele ya wote."

"Na fukusi? Mbona hamna sauti?"

Akanieleza. Kila Jumamosi, wenzake wakiwa kwenye salongo, alifungua kabati, akatandika kipande cha bâche, turubai la plastiki, nyuma ya darasa palipo na jua, akamwaga maharagi ya bokali ya tatu, akayatandaza yasipandane. Joto likipanda, wadudu wenyewe wanakimbia. Baadaye anapepeta, anarudisha. Mama yake ndivyo anavyofanya tangu zamani, na kipimo chake ni mkono: ukiweka kiganja juu ya mbegu na kikavumilia, ziache; kikikataa, zitoe haraka, zisije zikaiva na kukataa kuota. Andikeni hilo. Halimo katika protocole yoyote niliyowahi kupewa.

"Na ile ya majani?"

"Ile pia nilianika. Sikuamini majani." Akafikiri kidogo. "Ya jivu niliacha. Jivu najua."

Nje ikasikika gari. Papa Zakayo alikuwa akifungua lango taratibu kuliko kawaida yake. Nikatia kisachet mfukoni mwa koti.

Wakaingia: préfet mbele, na nyuma yake Madame wa bureau ya Goma, ofisi kuu ya mradi, mwenye daftari, na dereva wake aliyekuwa na kazi ya kupiga picha. Darasa likasimama, likaimba karibu, likakaa. Préfet alizungumza juu ya shule, juu ya ukuta, juu ya mawe meupe. Mimi nilisimama karibu na meza yenye bokali tatu, nikiwa na mikono nyuma, nikijiuliza kama mikono nyuma haionekani kama ya mtu mwenye hatia, nikaileta mbele.

Madame akainama kutazama bokali. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza.

"Bon. Témoin ni gani?"

"Ingénieur ataeleza," alisema préfet, na akanitazama kwa jicho la kuuliza mbona sikufanya alichoniagiza.

Nikafungua mdomo. Madame hakuwa akitazama mdomo wangu.

"Ingénieur, kuna kitu iko natembea kwa kravati yako."

Nikatazama chini. Fukusi mmoja alikuwa anapanda kravati kwa utulivu, kama mwenye rendez-vous. Mwingine alikuwa kwenye kola. Watatu walikuwa wanachungulia kutoka mfukoni, na mmoja akafungua mabawa akaruka mpaka kwenye daftari la Madame, katikati kabisa ya ukurasa. Matundu yangu yalikuwa yamefanya kazi vizuri.

Wanafunzi wa nyuma walianza kucheka wakiwa wameziba midomo. Préfet akasema ni joto. Hapo Rachel akasimama.

"Madame, ya tatu haikuachwa," akasema. "Nilikuwa ninaianika kwa bâche. Ni mbegu ya mama. Ingé hakujua."

Nikatoa kisachet, nikakiweka mezani, nikasema haya ni maharagi ya sokoni, nilitaka kuyatia katika bokali ya tatu ili tuwaonyeshe tofauti. Sikumtaja préfet. Wengine wameniambia huo ulikuwa uungwana. Ulikuwa woga.

Madame aliandika muda mrefu, akimzunguka fukusi kwa kalamu. Nilingoja hukumu. Alipofunga daftari alisema kwamba ni kitu cha kuvutia, kwamba Goma watataka kuona, na akamgeukia dereva.

"Chukua zote tatu. Tutaweka kwa bureau, kama échantillon ya kuonyesha."

Dereva akasogea. Préfet akatabasamu, maana kitu chochote cha shule kinachopanda ndege ni heshima ya shule. Rachel alikuwa bado amesimama. Aliweka mkono juu ya mfuniko wa bokali ya tatu. Hakuushika, aliuweka tu, kama mtu anayepima joto.

Mimi si jasiri. Nikitaka kuvuka barabara nasubiri mpaka hakuna pikipiki hata kwa mbali, kisha nasubiri moja zaidi. Siku ile sikupata ujasiri wowote. Nilipata protocole. Niliichukua mezani, nikaifungua ukurasa wa mwisho, ule mweupe, nikausoma kwa sauti.

"Samahani, Madame. Awamu ya tatu. Jaribio la kuota. Mbegu za bokali zote, bila kubakiza hata punje, zinapandwa shambani na mwanafunzi mwenye ufunguo, akisaidiwa na familia yake, mvua ya kwanza inaponyesha. Échantillon haihamishwi kabla ya mavuno."

Madame alikunja uso. "Awamu ya tatu? Siikumbuki hiyo."

"Ni mpya."

"Nani aliiweka?"

Nilikuwa na majibu kumi na yote yalikuwa mabaya. Aliyeniokoa ni préfet. Yeye hakuwahi kusoma ile protocole, lakini alikuwa anajua kwamba awamu mpya ina maana ya wageni wapya.

"Tulikuwa tunaingojea kabisa hiyo awamu," akasema kwa uzito. "Hata shamba iko tayari."

Madame akamtazama, akanitazama, akatazama mkono wa Rachel. Sijui alielewa nini. Alipumua, akamwambia dereva aache.

"Lakini Goma wanataka kitu," akasema.

Nikampa kisachet cha sokoni. Alikitia ndani ya mkoba wake. Nilitaka kumwambia habari ya matundu, nikafikiria namna ya kusema, na nilipokuwa bado nafikiria gari likaondoka. Nasikia bureau ile hawaweki tena maharagi jikoni.

Mchana ule Mama Rachel alikuja mwenyewe kuchukua mbegu. Mwanamke mfupi, haraka, na kikwembe kile kile begani. Nilitaka kumwomba msamaha, nilikuwa nimeandaa sentensi tano. Alimwaga bokali moja moja, akapitisha vidole, akatupa punje mbili zilizotoboka.

"Ingénieur," akasema, "jivu yenu haikuchujwa. Iko na mawe."

Kisha akafunga mafundo mawili akaenda. Papa Zakayo alimfungulia lango lote, yale mabawa mawili, ambayo hufunguliwa kwa magari tu.

Mkataba wangu haukuendelea. Barua ilisema nimeongeza katika protocole kitu ambacho hakikuidhinishwa, na ilikuwa kweli. Waliniomba nirudishe kofia na kizibao. Préfet bado yupo. Siku hizi kuna bango la mradi kuhusu "njia ya bâche", na juu yake yuko yeye, ameshika bokali, akitabasamu. Niliangalia kwa makini kama waliandika habari ya kiganja. Hawakuandika. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi.

Mtakapoanza kazi mtapewa protocole, na mtaipenda, kwa sababu inaondoa hofu. Ipendeni. Lakini kabla ya kugawa kitu chochote katika mafungu matatu, ulizeni neno lile moja aliloniuliza Rachel. Ulizeni mkiwa wawili, si mbele ya darasa, na ulizeni kabla ya kusifu. Mtoto akishasifiwa hawezi tena kukukatalia. Mengine ni crayon, jivu lililochujwa, na sikio.

Baada ya mavuno Rachel alifika nyumbani kwetu na bokali ya mayoneze. Ilikuwa imejaa maharagi ya njano mpaka shingoni, na jivu laini, lililochujwa. Ndani, kati ya punje, kulikuwa na ile lebo ya ndani, ya karatasi, yenye mwandiko wangu wa crayon: témoin.

"Mama anasema usiyapike," aliniambia. "Ni ya kupanda."

Nilikaa nayo wiki mbili. Nilifikiria kuyagawa: mengine kwa jivu, mengine kwenye bâche, machache nikiyaacha bila kitu, nione. Nilichora hata jedwali. Kisha mvua ikanyesha, nikatoka nyuma ya nyumba na jembe la mama yangu, nikayapanda yote. Sikuacha témoin.